Karafuu kwa tyubu tano: shajara ya mradi wa rangi, Wete

Jumamosi

Mradi ni wa kadi za rangi. Tunataka kadi za vitu tunavyovijua hapa Wete, Pemba, kila kitu na rangi yake iliyochanganywa kwa mkono mpaka ikafanana nacho: karafuu kuanzia mtini mpaka guniani, jani la mgomba, ukindu uliotiwa rangi, bahari. Kadi zikikamilika tutachora picha moja kubwa ya jamvi la karafuu, na sharti la picha hiyo ni kwamba kila rangi itoke kwenye kadi. Walio kwenye mradi ni vijana wachache wa mtaani, wachoraji wazuri wa penseli ambao wakifika kwenye rangi wanakwama, pamoja na shangazi yangu. Yeye hajawahi kushika brashi, ila ametia rangi ukindu tangu usichana wake. Tunakutana barazani baada ya alasiri, watoto wakishatoka chuoni.

Tyubu ni tano, zote akriliki, yaani rangi ya gundi inayochanganyika na maji: manjano ya ndimu (PY3), majenta (PR122), buluu ya thalo (PB15:3), buluu ya altramarini (PB29) na nyeupe ya titani (PW6). Niliziagiza Unguja, zikashuka bandari ya Mkoani na boti. Nyeusi haimo, kwa makusudi. Nyekundu nayo haimo, na hilo limeshazua maneno. Nitalieleza siku yake.

Hizo herufi na namba zimeandikwa kwa maandishi madogo mgongoni mwa tyubu, na ndizo za kusoma unaponunua. Jina kubwa la mbele ni la kuuzia. Kiwanda kimoja kinaiita rangi hivi, kingine kinaiita vile, lakini PB29 ni altramarini popote uendapo. Namba zinasema pia jambo la pili: tyubu yenye namba moja ina pigmenti moja, yaani unga mmoja wa rangi, inachanganyika na kubaki safi. Yenye namba tatu imeshachanganywa kiwandani, na wewe ukiitia ya kwako unajikuta na pigmenti nne au tano kwenye kibao kimoja cha kuchanganyia, zinakulana mpaka zinakuwa tope. Wanaoanza wengi hulaumu mkono wao kwa kosa la tyubu.

Kila tukitazama kitu tutauliza maswali matatu. Rangi hii ni ya ukoo gani: nyekundu, machungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau? Ina mwanga kiasi gani, yaani ikipigwa picha isiyo na rangi itatoka karibu na nyeupe au karibu na nyeusi? Na imekolea kiasi gani, au imepoa ikasogelea kijivu? Mpango huu wa mambo matatu aliutoa Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani, mwaka 1905, kwa kuwa aliona majina ya kawaida ya rangi yanapotosha kuliko yanavyosaidia. Vijana wameyaandika maswali hayo kwa chaki ukutani. Mwenye nyumba hajaona bado.

Jumapili

Leo hakuna aliyegusa tyubu. Tumeanika kanga za shangazi kwenye kamba tukaulizana ipi ina mwanga zaidi. Kanga nyekundu ilipata kura nyingi kuliko ya kijani iliyo pembeni yake; "ile inawaka," walisema. Tukazipiga picha kwa simu, tukaigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani zikatoka kijivu kile kile, hujui ipi ni ipi. Manjano ikawa karibu nyeupe. Buluu iliyokolea ikazama kabisa.

Hiyo ndiyo hitilafu ya kwanza ya jicho: rangi iliyokolea tunaiona kama ina mwanga. Dawa yake ni kufinya macho mpaka kitu kionekane kama ukungu. Rangi zinapungua, mwanga na giza vinabaki. Simu isitumike kila mara, maana mchoraji anayetegemea simu hawezi kuchora simu ikiisha chaji. Nimeamua pia kwamba katika kila kadi tutatafuta mwanga kwanza, kisha ukoo, kisha kukolea. Picha yenye mwanga sahihi inasimama hata ukoo ukipotoka kidogo.

Jumanne

Siku ya buluu mbili. Hii nilikuwa naingojea.

Shuleni tunafundishwa kuwa buluu na manjano ni kijani. Kweli, lakini hawasemi kijani gani. Kila mmoja amechora mistari miwili kwenye karatasi moja. Mstari wa juu: manjano ya ndimu, halafu thalo inaongezwa kidogo kidogo. Mstari wa chini: manjano ile ile, halafu altramarini. Sharti ni kuanza na manjano na kuifuata na buluu, kamwe kinyume chake, kwa sababu thalo ina nguvu mno. Kiasi cha kichwa cha njiti ya kibiriti kinageuza kijiko kizima cha manjano. Kijana mmoja aliyeanza na buluu alimaliza nusu ya manjano yake na bado kibao kilikuwa cha buluu.

Mstari wa juu umetoka kijani kinachoita, cha jani la mgomba linalokunjuka. Wa chini umetoka kijani cha zeituni, kilichopoa, na mwishoni kikaenda kwenye kijivu. Vijana wakasema altramarini ni mbovu, turudishe.

Si mbovu, inaegemea kwingine. Rangi ya tyubu haitoi mwanga wake yenyewe. Inakula sehemu ya mwanga wa jua na kurudisha iliyobaki. Manjano ya ndimu inakula mwanga wa buluu, inarudisha kijani, manjano na nyekundu. Thalo inakula nyekundu, inarudisha buluu na kijani. Ukizichanganya, mwanga unaoponea kote kuwili ni wa kijani, na unaponea mwingi. Altramarini inaegemea upande wa zambarau: kijani yenyewe inakila kwa sehemu kubwa, na inarudisha na chembe ya nyekundu. Ikikutana na manjano, kijani kinachosalimika ni kichache.

Ndipo nikawapa majani mawili mkononi, la mgomba na la mkarafuu lililokomaa. La mkarafuu ni zito, lina giza, linang'aa juu lakini rangi yake imepoa. Waliojaribu kulipata kwa thalo walibaki na jani la plastiki. Waliotumia altramarini, manjano na tone la majenta walilipata mara moja. Hakuna aliyetaka tena kuirudisha.

Alhamisi

Swali la nyekundu limejibiwa na kijana anayefanya kazi kwenye duka la stesheneri. Kazini kwake printa inajazwa wino wa aina nne: samawati ya kuelekea kijani, majenta, manjano na nyeusi. Wino mwekundu haupo, na kila siku anachapisha picha za harusi zenye mawaridi mekundu. Ameleta karatasi moja na lenzi. Ndani ya ua jekundu kuna vidoa vya majenta na vidoa vya manjano, basi.

Tukafanya vivyo hivyo kwenye kibao. Majenta na manjano ya ndimu: nyekundu. Majenta na altramarini: zambarau safi, ya tunda lenyewe. Halafu tukachukua nyekundu ya boksi la rangi za maji la mdogo wake, tukaichanganya na altramarini ili tupate zambarau ile ile. Ikatoka damu ya mzee, nzito, haina uhai, kwa kuwa nyekundu ile ilikuwa na manjano ndani yake tangu mwanzo, na manjano na zambarau zinauana.

Majenta yenyewe haimo katika upinde wa mvua. Isaac Newton, alipochapisha kazi yake ya mwanga mwaka 1704, aliukunja mstari wa rangi zilizotoka kwenye kipande chake cha kioo ukawa duara, ncha ya nyekundu ikakutana na ncha ya urujuani. Kwenye kiungo hicho ndipo majenta inapokaa. Bila kuukunja mstari huo kuwa duara, isingekuwa na pa kuwekwa.

Niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana natangaza majenta. Nyekundu tunayoichanganya sisi haiwi kali kama nyekundu ya tyubu ya pigmenti moja, mathalani PR254. Kila unapochanganya, kukolea kunapungua kidogo. Anayetaka kuchora kanga nyekundu au fulana za mpira anunue nyekundu. Sisi tunachora karafuu.

Ijumaa, baada ya sala

Kanzu nyeupe barazani ni nyingi siku ya leo, nikazitumia. Nimewauliza: kanzu ikizeeka ikaanza kuwa ya manjano, nyumbani inafanywaje? Wote wanajua: inasuuzwa kwa maji yenye buluu ya kufulia. Kwa nini buluu isiifanye kanzu kuwa ya buluu?

Kimya. Shangazi akajibu bila kuinua macho kwenye ukili wake: "Inaila ile manjano."

Ndiyo. Rangi zinazotazamana kwenye duara zinafutana: buluu na machungwa, zambarau na manjano, nyekundu na kijani. Buluu ya kufulia ni altramarini, inayoegemea zambarau, na uchakavu wa kanzu ni umanjano hafifu. Zikikutana, kanzu inakuwa na giza kidogo zaidi ya ilivyokuwa, lakini haina ukoo tena, na jicho linaisoma kuwa nyeupe. Mtu akizidisha anatoka msikitini na kanzu ya samawati, na tumemwona.

Altramarini hiyo zamani ilisagwa kutoka jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliinunua kwa bei ya kushindana na dhahabu. Miaka ya 1820 Jean-Baptiste Guimet wa Ufaransa akaipata ya kiwandani. Leo ni ya kusuuzia nguo.

Kazi ya leo basi ilikuwa kupooza rangi bila nyeusi. Chukua machungwa uliyoichanganya, itie altramarini chembe kwa chembe. Inapoa, inapoa, inafika hudhurungi, kisha kijivu chenye joto, kisha kijivu chenye ubaridi, kisha unakuwa upande wa buluu. Njia nzima hiyo ni rangi unazozihitaji: udongo, magogo, ngozi, kuta za zamani, vivuli. Nimewaambia wahifadhi mistari hii kuliko ile ya kijani kali. Mwanafunzi akipata kijivu kizuri anaacha kuogopa.

Kuhusu nyeusi: si haramu. Ukiitia kwenye manjano inakupa kijani cha zeituni, na wapo wachoraji wanaoitaka kwa hilo tu. Ila anayeanza huitia kila panapotakiwa giza, na vivuli vyake vyote vinafanana, cha mnazi na cha mtu.

Jumatatu

Karafuu zenyewe. Mpwa wangu ameleta kitawi alichokikata alfajiri, na kutoka kwenye majamvi ya jirani tumeomba ukufi mmoja wa zilizoanikwa jana, mwingine wa zilizopata jua siku mbili tatu, na mwingine wa kavu.

Kabla ya kuchanganya kila mtu aliandika rangi anayoiona kwenye kitawi. Karibu wote: "kijani na nyekundu." Kisha nikawapa kadi nyeupe iliyotobolewa tundu dogo, la punje ya mtama. Unaiweka kadi juu ya kitu, unatazama kwenye tundu tu. Karafuu inapotea, jina lake linapotea, kinabaki kidoa cha rangi kilichozungukwa na nyeupe.

Kwenye tundu, "nyekundu" ile ni waridi iliyopoa, karibu na ngozi ya ndani ya mdomo. Haiko mwili mzima. Inaanzia chini ya yale meno manne, inateremka upande unaopigwa na jua, inafifia kuwa kijani cha manjano karibu na kikonyo. Kichwa cha duara kilichofungwa katikati ya meno kina mwanga kuliko vyote: krimu yenye pumzi ya kijani. Msichana mmoja alibaki na karafuu ile ile moja mpaka magharibi inakaribia, anasogeza tundu milimita kwa milimita, na kwenye daftari lake ana vidoa vingi kutoka kwenye kitu chenye urefu wa ukucha. Hakuna kidoa hata kimoja ambacho ungekiita nyekundu.

Mchanganyiko wa mwili: nyeupe kiasi kizuri, majenta, manjano ya ndimu mpaka waridi iache ubaridi wake, kisha inapozwa kwa tone la kijani cha thalo na manjano. Kichwa: nyeupe nyingi sana, manjano, na thalo ile inayobaki kwenye ncha ya kisu ukishakifuta.

Hapa wamekutana na tabia ya nyeupe ya titani. Inaongeza mwanga, sawa, lakini inapunguza kukolea, na inaivuta rangi kwenye ubaridi. Majenta yenye nyeupe ni pinki ya pipi. Inahitaji manjano irudi kuwa ya mmea. Anayetaka nyekundu iwe na mwanga zaidi akaitia nyeupe atapata pinki, si nyekundu inayong'aa. Aitie manjano kwanza aone.

Karafuu kavu ndiyo iliyobishaniwa zaidi. Hudhurungi ipo wapi kwenye duara? Haipo. Ni machungwa iliyotiwa giza na kupozwa, basi. Ndimu na majenta zikupe machungwa ya kuelekea nyekundu, altramarini iteremshe taratibu, nyeupe usiiguse. Kwa mwili wa karafuu kavu tumefika kwenye giza ambalo ukilitazama peke yake ungeapa ni nyeusi, na ukiliweka juu ya nyeusi ya kweli ya kifuniko cha simu linageuka kuwa jekundu lililozama. Kichwa cha karafuu kavu nzuri kina mwanga kuliko mwili, hudhurungi ya kuelekea dhahabu. Hapo manjano imeongezwa na nyeupe chembe. Tofauti hiyo ndogo ya mwanga kati ya kichwa na mwili ndiyo inayofanya kidoa cha rangi kiwe karafuu na si msumari.

Nyuma ya kila kadi tunaandika mchanganyiko kwa mafungu, kwa mfano manjano 4, majenta 2, altramarini 1, fungu likiwa ncha ya kisu. Si vipimo vya duka la dawa, lakini mtu mwingine akisoma anaweza kuanza mahali pale pale.

Jumatano

Mvua. Majamvi yamekunjwa mtaa mzima, na sisi tumeingia ndani.

Tumepitia kadi za juzi na karibu zote zina giza kuliko zilivyokuwa mbichi. Hiyo ni tabia ya akriliki: gundi yake ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa, ikikauka inakuwa angavu, na weupe ule unaondoka. Kwa hiyo rangi ichanganywe ikiwa na mwanga kidogo zaidi ya inayotafutwa, na isihukumiwe mpaka ikauke. Feni inaharakisha. Ile ile feni inakausha na rangi kwenye kibao, kwa hiyo tumehamia kwenye sinia: kitambaa kibichi chini, karatasi ya kuokea juu, rangi juu ya karatasi. Ukifunika vizuri unaikuta kesho laini.

Jumamosi

Leo darasa limekuwa la shangazi.

Tulikuwa na kadi ya zambarau ya ukindu ambayo haikubali. Kwenye kadi inafanana kabisa na ukindu uliokatwa pembeni, lakini ukiiweka kwenye mkeka inaonekana imechujuka. Vijana wakataka kuongeza majenta. Shangazi akauchukua mkeka, akaukunja pale ambapo zambarau imepakana na mstari wa manjano, akaweka kadi juu ya manjano tupu. Ikawa sawa. Akaisogeza ikapakana na buluu, ikafa tena.

"Mwanangu," aliniambia, "zambarau usiipakanishe na buluu, italala. Ipakanishe na manjano. Siye hatuongezi rangi kwenye sufuria kwa kuwa mkeka umelala, tunabadilisha jirani."

Jambo hilo hilo lilimshughulisha Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba uzi wao mweusi hauna nguvu. Akaupima, akaukuta mzima. Tatizo lilikuwa nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya namna rangi mbili zinazopakana zinavyosukumana, kila moja ikimtia mwenzake kinyume chake. Nilimsimulia shangazi. Akauliza kama walimlipa.

Jaribio la kumalizia: kidoa cha kijivu kile kile, kutoka kibao kimoja, kimoja ndani ya mraba wa manjano, kingine ndani ya mraba wa kijani. Cha kwanza kinaelekea zambarau, cha pili kinaelekea waridi. Mpaka wakavikata kwa mkasi na kuviweka pamoja ndipo walipoamini.

Kwa mradi hili limebadili utaratibu. Kadi sasa haihukumiwi peke yake; kila moja inaandikwa inakaa na nani.

Jumapili

Suala la mwanga wa kufanyia kazi. Vitabu vya Ulaya vinashauri dirisha la kaskazini, maana kule jua haliingii upande huo na mwanga unakaa sawa siku nzima. Pemba iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita kaskazini yetu, na dirisha la kaskazini linakuwa dirisha la jua. Ushauri wetu ni baraza yenye kivuli, mbali na ukuta uliopakwa rangi kali, maana ukuta wa kijani unatia kijani kila kitu kilicho mbele yake. Jua likishainamia magharibi tunasimama. Mwanga ule una umachungwa, na kila kadi iliyochanganywa jana saa kumi na moja na nusu leo asubuhi imeonekana ya ubaridi. Taa za ndani nazo zinatofautiana, balbu moja inavuta buluu, nyingine manjano. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana juani.

Jumanne

Bahari, kwa ufupi, maana ilitoka haraka. Maji ya kina kifupi juu ya mchanga, yale ya kisiwa cha Misali: nyeupe, thalo, chembe ya manjano. Maji ya kina kirefu ya mkondo kati yetu na bara: altramarini, thalo kidogo, na tone la machungwa kuipooza. Maji yanakula mwanga mwekundu, na kadiri yanavyokuwa marefu ndivyo kinachorudi kinavyokuwa buluu tupu. Waliojaribu maji ya mchangani kwa altramarini walipata anga la jioni.

Matope ya mikoko yamechukua muda zaidi ya bahari yote. Kijivu, lakini cha zambarau kwenye unyevu na cha manjano palipokauka.

Ijumaa

Picha imeanza. Ubao ni mkubwa, jamvi linachukua theluthi mbili yake, karafuu za siku tofauti zimeanikwa kwa mafungu, na juu kuna ukuta wa chokaa na mguu wa mtu anayezipindua kwa fimbo.

Mmoja wa vijana anataka iwe ya Tingatinga, kama zinazouzwa Mji Mkongwe. Tumezungumza. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini, na rangi zile zilitoka karibu moja kwa moja koponi. Zinasimama kwa sababu mnyama ana mstari wa giza unaomzunguka na nyuma yake rangi inayeyuka kutoka moja kwenda nyingine, hivyo mwanga na giza vimepangwa vizuri. Anayeiga rangi bila kuiga mpangilio huo anapata kelele. Kijana amekubali kuchora yake pembeni, tuone.

Tulitandaza jamvi kwanza, lote, kwa kijivu cha manjano kutoka kwenye kadi za ukindu usiotiwa rangi. Kilionekana kichovu na watu wakakinung'unikia. Kisha karafuu za waridi zikaanza kuwekwa juu yake, moja moja, na waridi ile iliyopoa, ambayo kwenye kadi ilikuwa haisemi kitu, ikasimama. Mtu akapendekeza tuongeze majenta sasa ili iwake zaidi. Shangazi alikohoa tu.

Jumamosi

Imebaki kona ya kulia, fungu la karafuu kavu, na kivuli cha mguu. Kivuli kwenye jamvi kimetoka kwa kuteremsha kijivu kile kile kwa altramarini na majenta. Kwenye chokaa kimetoka buluu zaidi, kwa kuwa pale kinapokea anga.

Kadi zimetiwa kamba na kutundikwa kwenye msumari mlangoni, zinaazimwa. Zinazokuja kuchukuliwa zaidi ni za kijivu.

Hesabu ya tyubu: nyeupe imekwisha, majenta iko nusu, manjano inakaribia. Altramarini imetumika kuliko nilivyodhani. Thalo haijapungua hata robo, na kwa kasi hii itatuzika. Oda inayokwenda Unguja wiki ijayo ni nyeupe mbili kubwa, manjano moja, majenta moja, na thalo hakuna. Kundi linalofuata limeshaanza kuulizia. Wameambiwa waje na kanga, kitawi chochote, na shati la kuchafua.